Mashine Zilizofundishwa Adabu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote iliyochapishwa kwa idhini ya serikali, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta. Akiona hospitali, barabara au waziri anayefanana na wa kwao, alaumu macho yake. Macho ni viungo vya uchochezi, na katika nchi hiyo yalikuwa yakichunguzwa kila mwaka.

Ilikuwa nchi yenye bahati. Ilikuwa na wizara nyingi kuliko mito, na kila wizara ilikuwa na kompyuta yake kubwa, iliyolazwa katika chumba chenye kipoza hewa na zulia, mahali ambapo mwananchi asingeingia hata akiwa na homa. Kompyuta hizo zilijua kila kitu. Ya Ardhi ilijua mipaka. Ya Wanyamapori ilijua kila nyoka na kila fisi. Ya Maghala ilijua kila sindano na kila gunia lililomo katika bohari za taifa. Shida ilikuwa moja tu: hazikuwa zikisemezana. Mwananchi ndiye aliyesema kwa niaba yao. Alitoka dirisha hili na kipande cha karatasi, akakipeleka dirisha lile, akarudishwa kwa sababu muhuri umekaa upande, akazeeka njiani, akafa akiwa wa tatu kwenye foleni.

Serikali iliposikia kwamba watu wanafia kwenye foleni, ilisikitika sana kwa ajili ya foleni, ikanunua Mratibu.

Mratibu alikuwa programu. Injinia Mashombo, mkurugenzi wake, aliieleza redioni kwa lugha ambayo hata wabunge walidai wameielewa.

"Ndugu wananchi, mfikirieni mpishi mkuu wa shughuli. Yeye hakuni nazi, hachinji, hachambui mchele. Yeye anaita tu. We wa tui, lete! We wa nyama, tayari? Na wa tui akiugua, mpishi mkuu haahirishi harusi. Anamwita mkuna nazi wa jirani, pilau linaendelea. Ndivyo alivyo Mratibu wetu. Mwananchi anaomba jambo moja, Mratibu anaziita kompyuta za wizara kupitia mtandao, moja baada ya nyingine, mpaka jambo linakamilika. Njia ikiziba, anajitafutia nyingine. Mchakato unajibadilisha wenyewe!"

Wananchi walipiga makofi. Siku hiyohiyo foleni zilipigwa marufuku kisheria. Katika hospitali zote wagonjwa waliamriwa kukaa kwa duara, maana duara halina mwisho, na kisicho na mwisho hakiwezi kuitwa foleni.

*

Mambo yalikwenda vizuri mno, na katika nchi hiyo jambo likienda vizuri mno huundiwa tume.

Chanzo kilikuwa kompyuta ya Uvuvi. Asubuhi moja iliitumia kompyuta ya Hazina swali kuhusu nyavu, na Waziri wa Hazina, mzee mwenye heshima zake, akabahatika kupita na kuliona swali hilo kwenye kioo. Lilisema: "Naomba jibu." Basi. Hakuna salamu, hakuna habari za asubuhi, hakuna poleni na kazi. Waziri wa Uvuvi alikuwa kijana aliyesoma darasa moja na mjukuu wa mzee huyo. Waziri wa Hazina alipandwa na shinikizo la damu, akapelekwa nje ya nchi kutibiwa, na Baraza la Mawaziri likakutana kwa dharura.

Hapo likazaliwa Agizo la Adabu za Mitambo. Kila kompyuta ilipewa umri wa waziri wake. Kompyuta changa ikitaka kusema na kompyuta kubwa, sharti ianze na shikamoo. Kompyuta kubwa iitikie marahaba. Ziulizane habari za nyumbani. Kisha, kama kuna muda, kazi.

Injinia Mashombo alijaribu kueleza kwamba mashine haina umri.

"Wewe," mwenyekiti wa kikao alimuuliza, "una wazazi?"

"Ninao, mheshimiwa."

"Wanajua unavyosema mbele za watu?"

Injinia akaenda kuziandikia mashine salamu. Si haba, nchi ilisifiwa. Wageni walikuja kutoka mabara mengine kuzisikiliza kompyuta zikijuliana hali. Kwamba zilianza kazi adhuhuri, baada ya kumaliza kuulizana habari za mvua, hilo liliandikwa katika ripoti kama utamaduni.

Ilibaki kasoro ndogo, nayo ilikuwa Mheshimiwa Kasigara.

Mheshimiwa Kasigara alikuwa Waziri wa Maghala. Alikuwa pia Mwenyekiti wa Vijana wa Chama, cheo alichokishika tangu vijana wenzake walipokuwa vijana. Wengi wao sasa walikuwa wamezikwa, kwa heshima zote za ujana. Katiba ya chama ilisema mwenyekiti wa vijana asizidi miaka thelathini na tano, na Mheshimiwa Kasigara, mtu wa kufuata katiba, alikuwa na thelathini na nne. Alikuwa nayo kwa muda mrefu sana. Nywele zake zilikuwa nyeusi kuliko lami, na jua likiwa kali weusi huo ulishuka kidogo hadi kwenye kola.

Upande wa pili kulikuwa na Waziri wa Wanyamapori, Mheshimiwa Bi Salima, mama wa miaka arobaini na moja, ya kweli. Kwa mujibu wa kumbukumbu za taifa, basi, kompyuta ya Maghala ilitakiwa kuiamkia kompyuta ya Wanyamapori.

"Mimi?" alisema Kasigara faraghani, kwa sauti iliyosikika barazani. "Nimwamkie Salima? Mtoto niliyempakata siku ya arobaini yake?"

Lakini hadharani asingeweza kusema hivyo, maana mtu wa miaka thelathini na nne hawezi kumpakata mchanga wa miaka arobaini na moja iliyopita. Akafanya wanachofanya viongozi wenye busara. Aliiamuru kompyuta yake inyamaze. Kompyuta ya Salima nayo ikakaa kusubiri shikamoo yake, kama ilivyofundishwa. Kwa kuwa nchi haikuwa na haja kubwa ya kuchanganya maghala na wanyama wa porini, hakuna aliyejali.

*

Mzee Chande alikuwa fundi wa vitanda vya kamba katika mji mdogo wa Kilimahewa. Alikuwa akiingiza mkono katika robota la katani kibandani mwake, kama alivyofanya maisha yake yote, na ndani ya robota hilo alikuwamo nyoka, kifutu, amejikunja. Kifutu akamuuma mkono wa kulia, karibu na kidole cha mwisho.

Mkewe, Bi Sijaona, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, alimfikisha hospitali ya wilaya kabla ya jua kuwa kali. Mkono ulikuwa umevimba kama mhogo uliolowekwa.

Daktari Ngwali aliutazama, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mama, una bahati. Dawa ya sumu ya nyoka ipo. Ile pale."

Akaonyesha. Ndani ya chumba kilekile, hatua chache kutoka kitandani, kulikuwa na jokofu lenye mlango wa kioo, na nyuma ya kioo vichupa vimepangwa vikitazama nje.

"Basi mchome, daktari."

"Nitamchoma. Kufuli ikifunguka tu."

"Ifungue."

"Haifunguliwi na mtu, mama. Inafunguliwa na Mratibu." Akabonyeza kompyuta yake ndogo, akasoma kwa sauti. "Afya imeshajibu: mgonjwa ni mgonjwa. Vizuri. Sasa Maghala inatakiwa iiulize Wanyamapori huyo nyoka ni wa aina gani, maana nyoka ni mali ya taifa. Ikijibiwa, kufuli inaachia."

"Nyoka ni kifutu. Nimemuua mwenyewe kwa mchi."

Daktari alishtuka, akatazama mlangoni. "Mama, hilo usilirudie. Nimekwambia ni mali ya taifa."

Wakasubiri. Mzee Chande, jasho likimtiririka, akauliza wanasubiri nini.

"Salamu," alisema daktari.

"Salamu za nani?"

"Za kompyuta ya Maghala. Haijaiamkia ya Wanyamapori."

"Hata huyo nyoka hakunibishia hodi," alisema Mzee Chande, "na mimi nilimzidi umri."

Bi Sijaona akashika kiuno. "Daktari, mwanangu, hicho ni kioo. Mchi wangu ninao hapa."

"Mama yangu, ukikivunja, Maghala inayafuta yaliyomo. Kwa kumbukumbu za taifa dawa inakuwa haipo, na dawa isiyokuwapo siruhusiwi kumchoma mtu. Mwenzangu aliyekuwa hapa kabla yangu alivunja. Sasa yuko hospitali ya gereza."

"Anatibu wafungwa?"

"Anatibiwa nao."

*

Isidhaniwe kwamba Mratibu alikaa bure. Hapa ndipo uwezo wake ulipoonekana. Wanyamapori ilipokuwa haipatikani, alijitafutia mkuna nazi wa jirani.

Kwanza aliita Mifugo, kwa kuwa nyoka ni mnyama na amepatikana nyumbani. Mifugo ilijibu kwa adabu ikiomba cheti cha chanjo cha nyoka. Kisha akaita Utalii. Simu ya Bi Sijaona ikalia, ujumbe ukasema: "Hongera! Umebahatika kukutana na kifutu katika mazingira yake ya asili. Je, ungependa kukutana naye tena?"

Mzee Chande alikuwa ameacha kutania. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kubadilika rangi. Kila mara aliuliza kama bado anavyo, maana alikuwa havisikii, na kila mara mkewe alimwambia unavyo, mume wangu, vyote vitano. Mtu asiyejua kazi ya vitanda anadhani kamba huvutwa kwa kidole gumba. Huvutwa kwa vile viwili vya mwisho, ndivyo vinavyokaza.

Ndipo Injinia Mashombo akaingia mwenyewe, amevaa suti, kwa kuwa adhuhuri hiyo Waziri wa Maghala alikuwa anakuja katika hospitali hiyohiyo kuzindua Wiki ya Huduma Bila Foleni. Daktari alimkimbilia. Injinia akatazama kompyuta, uso ukamng'aa.

"Lakini mchakato umeshapata njia! Tazama. Dawa imeshindikana, Mratibu akaangalia tatizo upya. Tatizo ni mkono. Ameita Upasuaji. Upasuaji iko chini ya naibu waziri mdogo kuliko wote nchini, kompyuta yake inaamkia hata viyoyozi, imejibu papo hapo. Mkono unakatwa begani baada ya chakula cha mchana. Kila kitu kimethibitishwa." Akamgeukia Bi Sijaona, akampa mkono. "Hongera, mama."

Bi Sijaona hakuupokea. "Wewe ndiye mwenye hii mashine?"

"Mimi ni mtumishi tu."

"Nielezee kama unavyomwelezea mjinga. Kwa nini ya Maghala isiamkie?"

Injinia alitazama huku na huku, kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, habari ya miaka thelathini na nne.

"Kasigara?" Bi Sijaona alisema kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya bonde. "Kasigara huyuhuyu? Nikiwa darasa la pili alikuja shuleni kutugawia bendera, na ndevu anazo!"

"Mama, taratibu."

"Sasa nani mdogo kati yangu na yeye?"

Injinia akafikiri kama mtumishi wa serikali. "Yeye," alisema.

Bi Sijaona akamfunika mumewe shuka, akaenda kukaa kwenye duara.

*

Mheshimiwa Kasigara alipokewa na kwaya ya Vijana wa Chama, ambao waliimba wamekaa kwa sababu ya miguu. Vijana wawili walimshika makwapa akapanda ngazi. Kamera za televisheni zilikuwapo, na matangazo yalikwenda moja kwa moja hadi kila baa na kila ofisi ya kata.

"Sisi vijana!" alinguruma, akapumzika, akaendelea. "Sisi vijana ndio mtandao, na mtandao ndio sisi! Zamani, kama nilivyosimuliwa na wazee, mgonjwa alisimama kwenye foleni. Leo namwona amekaa. Zamani alingoja binadamu. Leo anangoja mitambo ya kisasa! Wapinzani wetu wanauliza, mtu anasubiri nini? Nawajibu: anasubiri maendeleo, na maendeleo yanasubiriwa kwa nidhamu!"

Kisha akazunguka duara kusalimia wagonjwa. Alikuwa hodari wa jambo hilo. Watu walipomwambia shikamoo, kwa mazoea na kwa kuona shingo yake, hakuitikia marahaba hata mara moja. Alisema "Poa, poa!" akapita.

Akafika kwa Bi Sijaona.

Bi Sijaona hakusimama. Alinyoosha mkono, kiganja chini, kama mtu mzima anavyompa mtoto, akangoja. Mheshimiwa akaushika, akasema, "Poa, mama."

"Poa ndiyo nini?" Hakuuachia mkono. "Mwanangu, mbona huniamkii?"

Kwaya ilikatika. Mwenye kamera akasogea karibu, kwa sababu hakuna aliyemkataza bado.

"Mama, mimi ni waziri."

"Uwaziri umeukuta ukubwani. Nakuuliza malezi. Una miaka mingapi, baba?"

Msaidizi akamnong'oneza mheshimiwa sikioni. Inasemekana alimnong'oneza namba mbili, na akamshauri achague moja. Nchi nzima ilikuwa ikitazama. Akisema sabini, ujana umekwisha mbele ya watu wote. Akikataa kuamkia akiwa na thelathini na nne, basi kiongozi wa vijana wa taifa hana adabu, tena katika nchi iliyofundisha adabu hata mashine.

"Shi," alisema, akakohoa.

"Sikusikia, baba. Masikio ya uzee haya."

"Shikamoo."

Alikuwa ameinama kidogo, kama inavyotakiwa, na mgongo ulilia. Duara lote likasubiri neno linalofuata. Kila mtu aliyezaliwa katika nchi hiyo analijua, huja lenyewe kama chafya. Bi Sijaona alifunga mdomo.

Mheshimiwa alibaki ameinama. Huwezi kuinuka kabla hujaitikiwa, watu wakikuona.

"Mama," alisema huku amekaza meno, "itikia."

"Marahaba yako imo ndani ya jokofu lile," alisema Bi Sijaona, "kwenye chumba alicholala mume wangu. Mashine yako na iamkie mwenzake kama wewe ulivyoniamkia mimi. Kufuli ikiachia, utaikuta humo."

"Mashombo," alisema waziri, bado ameinama.

"Mheshimiwa?"

"Iambie iamkie."

Injinia akabonyeza. Kompyuta ya Maghala ikatuma shikamoo. Kompyuta ya Wanyamapori, iliyokuwa imeisubiri salamu hiyo tangu Agizo litolewe, haikuwa na haraka. Iliitikia marahaba. Ikauliza habari za nyumbani. Ikauliza habari za mvua. Ikauliza mbona mlipotea hivyo. Maghala ikajibu moja baada ya moja, na muda wote huo waziri alikuwa ameinama na rangi ya nywele ikimshukia kwenye kola. Mwisho Wanyamapori ikasema kwamba nyoka huyo ni kifutu.

Chumbani kufuli ikaachia. Daktari Ngwali alikuwa ameshajaza sindano kabla mlango haujamaliza kufunguka. Bi Sijaona aliuachia mkono wa waziri katikati ya salamu, akakimbia kwa mumewe.

*

Mkono ulipona. Vile vidole viwili vya mwisho havikupona, vilikuwa vimesubiri mno, na Daktari Ngwali akavikata. Katika ripoti ya Mratibu tukio hilo liliandikwa kuwa mafanikio ya asilimia sitini, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kufikiwa.

Magazeti yaliandika: "Kijana Mwenye Adabu". Waliokuwa wamepeleka shauri kwenye chama kwamba Mwenyekiti wa Vijana ni mzee walitazama picha zile wakaanza kukuna vichwa. Mtu aliyemwamkia mama wa hamsini na kitu hadharani angewezaje kuwa na sabini? Mawakili wa Kasigara walipeleka salamu hiyo kama ushahidi.

Lakini Kamati ya Maadili ya chama ilikuwa na wazee wanaojua mila. Waliitazama picha ile mara nyingi, wakasema wanaona shikamoo, hawaoni marahaba. Shikamoo isiyoitikiwa si salamu, ni maneno tu ya mtu mmoja. Ushahidi haujakamilika. Walitoa muda ukamilishwe, la sivyo umri wa mheshimiwa utachunguzwa upya, tena kwa meno.

Kwa hiyo gari la serikali likaenda Kilimahewa. Alishuka Injinia Mashombo na maofisa wawili waliobeba doti za kanga na gunia la sukari. Bi Sijaona aliwakaribisha, akawapa vigoda.

"Mama," alisema Injinia, "tumekuja kwa jambo dogo sana. Neno moja. Nimeleta na kifaa cha kurekodia. Unalitamka, tunaondoka, hatukusumbui tena."

"Neno gani?"

"Unalijua, mama. Ulimwahidi."

"Nilimwahidi iko ndani ya jokofu. Hakuikuta?"

"Mama, jokofu lilifunguliwa. Mkono wa mzee umepona."

Bi Sijaona alimwita mumewe. Mzee Chande akatoka kibandani, akawapa wageni mkono wa kulia, mmoja baada ya mwingine. Waliushika na kuuachia haraka, maana mkono wenye vidole vitatu haukamatiki kama walivyozoea.

"Neno mlilolijia lilikuwa la vidole vitano," alisema Bi Sijaona.

Ofisa mmoja akasogeza mbele sukari. "Dada yangu, mzee wa watu atadhalilika bure."

"Mzee?"

Ofisa akajishika mdomo. Injinia akakizima kifaa chake haraka.

"Sasa angalau tumeanza kuongea," alisema Bi Sijaona. "Rudini mkamwambie aje mwenyewe. Mimi simnyimi mtu salamu. Na aje na umri wake wote, asiuache nyumbani. Akifika na miaka yake kamili, nitampigia magoti mimi, nimwambie shikamoo, na marahaba ataitoa yeye. Si ndiyo adabu?"

Walipakia sukari na kanga, gari likageuka, vumbi likapanda.

Kitanda cha watu kilikuwa kibandani, nusu kimesukwa. Bi Sijaona akaishika kamba upande ule ambao mumewe hakuweza tena kuukaza, akaizungusha kwenye kiganja.

"Vuta," alisema Mzee Chande.

Akavuta.